Mukashyaka Wawili

Mke wangu Kanyana amechoka tangu nimjue. Alichoka milimani kwetu Kivu kwa kukimbia, akachoka kambini kwa kungoja, na hapa Louisville anachoka kwa kusimama kwa muda wa saa kumi kila siku akifunga viatu kwenye maboksi. Mwaka 2015 akajiongezea masomo ya takwimu chuoni, jioni mbili kwa wiki. Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila yeye sijawahi kumwona akiinuka.

Kanisa liliposikia anaiweza kompyuta, likamtwika. Majira ya baridi yaliyotangulia, mzee wetu mmoja wa Columbus alianguka jikoni akalala sakafuni siku mbili, hakuna aliyejua. Ikaamuliwa na kutangazwa makanisani kwamba kila mzee anayeishi peke yake, Louisville, Columbus au Buffalo, apigiwe simu kila Jumamosi. Orodha zikaletwa na watu wengi, majina yakijirudia ovyo. Kanyana akaziunganisha zote, ikawa mistari mia moja na kumi.

Alinionyesha mezani, maharagwe yakiungua jikoni. Kwanza aliipanga mistari kwa mji, kwa kufuata alfabeti. Kisha akaiagiza programu iweke katika kundi moja mistari yote yenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, iipe namba ndani ya kundi, moja, mbili, tatu, halafu ibakize ule wenye namba moja tu na kufuta mingine. Kazi ya wiki nzima ikaisha kwa dakika moja. Nilijivunia mke wangu, sisemi uongo.

Jumamosi ya kumi na moja ya kupiga simu hizo, katikati ya Februari, mchungaji wa Columbus alipiga simu.

"Huyu mama Mukashyaka wa huku kwetu Linden, ni nani anamupigiaka?"

Kanyana akafungua orodha. Mukashyaka alikuwapo, lakini wa Buffalo, karibu na Grant Street. Wa Linden hakuwapo. Jina lao moja, tarehe yao moja, Januari mosi 1941. Buffalo ilitangulia Columbus kwenye mpangilio, kwa hiyo wa Buffalo akapata namba moja na wa Linden akafutwa. Kambini, asiyejua tarehe yake aliandikiwa Januari mosi, na nusu ya kanisa letu tumezaliwa siku hiyo. Mwalimu wake wa chuo asingelijua hilo. Kanyana alilijua, uchovu ukamsahaulisha.

Jumapili tuliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu hadi Columbus. Mama Mukashyaka alifungua mlango akiwa amevaa koti, na vitenge viwili juu ya koti. Mashine ya kupasha nyumba joto ilikufa siku tisa kabla. Alikuwa akiota joto la jiko, mlango wa oveni wazi, na kifua kilimkoroma.

Kanyana akaketi chini karibu na miguu yake, akamweleza yote.

"Donc kompyuta ilisema tuko mutu moja?"

"Ni mimi niliiambia hivyo, mama."

"Kila Jumamosi nilikuwa nazima redio, juu nisikie simu. Nikasema, bon, banakuya polepole, batafika kwa jina yangu."

Kanyana alilia. Mimi nikatoka barazani kumtafuta mwenye nyumba kwa simu, nikamfokea kwa Kiingereza changu kibovu mpaka akakubali kumtuma fundi siku hiyohiyo. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshika kalamu. Alitaka jina la mama mzazi wa kila mzee, aliongeze kwenye kila mstari, maana tarehe zetu hazitenganishi mtu na mtu.

Mama Mukashyaka akamtajia. Kisha akamtazama.

"Na weye, mutoto yangu, karatasi yako inasema ulizaliwa lini?"

"Tarehe moja Januari, mama."

Akamvutia upande wa oveni, akamfunika kitenge kimoja mabegani.

"Basi na weye uchunge. Batakufuta."