Seva Iliyofundishwa Adabu

Elihuruma alikuwa na kompyuta moja ya Linux aliyoiita seva, chumba kimoja Themi juu ya duka la vipuri, na imani kubwa mno katika akili yake mwenyewe.

Mwaka ule wa 1999 kila mfanyabiashara wa Arusha alijiunga na kampuni ya intaneti iliyomwahidi zaidi. Kwa hiyo wateja wa Elihuruma walikuwa na masanduku ya barua pepe kila mmoja kwake, mengine Dar es Salaam, jingine Nairobi. Yeye akawarahisishia: kila saa seva yake ilipiga simu, ikapita sanduku moja baada ya jingine, ikazoa barua na kumgawia kila mtu zake. Aliisifia hata nje ya kanisa, kwenye mnada wa mavuno, kwa watu waliofuata mkungu wa ndizi tu.

Swali la nani aanze halikumsumbua. Mtoto wa Kimeru aliyelelewa haliulizi. Wa kwanza kwenye orodha ya seva aliandikwa baba yake mkubwa, Mzee Anande, mwenyekiti wa wakulima wa kahawa. Akafuata Mama Fransiska wa duka la dawa. Wa mwisho, kwa kuwa ndiye mdogo, alikuwa Nanyori, binti mwenye kampuni changa ya kupandisha wageni Mlima Meru.

Ijumaa asubuhi Nanyori alipanda ngazi akihema.

"Kaka Eli, wageni wangu wa Denmark waliahidi kunitumia tarehe. Nisipowajibu kabla ya saa sita leo, wanakwenda Kenya. Mpaka sasa kimya."

"Kama haijaja, haijatumwa," alisema Elihuruma bila kuinua macho. "Mashine haisahau, dada. Wanaosahau ni Wazungu wako."

"Mama Fransiska naye hajapata kitu wiki nzima."

"Labda hakuna anayemwandikia."

"Na wanaomuuzia dawa? Wamekufa wote?"

Elihuruma akafungua kumbukumbu za seva ili amwaibishe. Aliyeaibika ni mwingine. Marafiki wa usharika kule Ujerumani walikuwa wamemtumia Mzee Anande picha za kwaya, barua nzito kama gunia la kahawa mbichi. Kabla haijamaliza kuingia, mvua ya Meru ilikata laini. Saa iliyofuata seva ilipiga tena, ikaanza tena kwa mzee, ikakatika palepale, na hivyohivyo wiki nzima. Ilikuwa imesimama mlangoni siku zote hizo, ikingoja mkubwa apite. Mwalimu wake alikuwa amefaulu.

"Si umwondoe tu hapo mbele?" aliuliza Nanyori.

Ilikuwa kazi ya kufuta mstari mmoja na kuuandika chini. Vidole vya Elihuruma vilikataa. Akachomoa waya wa simu kwenye modemu, akampigia mzee huko Usa River.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umekumbuka nina simu?"

"Baba, naomba ruhusa nikuweke nyuma. Kwenye foleni ya barua pepe."

"Barua gani tena? Hayo mambo nilikubali ili usijisikie vibaya. Niweke popote. Sasa niambie, unaoa lini?"

Ruhusa ilikuwa imepatikana, lakini laini ilikuwa ileile moja, na mzee alikuwa ameikalia. Alitoka kwenye ndoa akaingia kwenye ng'ombe. Elihuruma aliitikia, "Ndiyo, baba," jasho likimtoka. Kumkatia mkubwa simu? Afadhali Denmark yote ihamie Kenya.

Nanyori alitazama saa ya ukutani, akainama, akang'oa waya.

"Umemkatia baba!"

"Mvua imemkatia. Andika."

Akaandika orodha yote kinyumenyume, akarudisha waya kwenye modemu. Modemu ikalia, ikakohoa, ikashika. Barua ya Denmark iliingia kwanza, ikiwa na tarehe na swali moja: mko hai? Nanyori akajibu amesimama, seva ikaipeleka barua yake, na kabla hajaketi likarudi jibu: tunakuja.

Hapo ndipo alipomgeukia Elihuruma.

"Kwa nini mzee alikuwa mbele?"

"Ni heshima."

"Na mimi mwisho?"

"Wewe ni mdogo."

"Sasa nimeandikwa wapi?"

Elihuruma alitazama kioo cha kompyuta, kana kwamba jibu lingeweza kuwa tofauti. "Juu kabisa."

"Basi mimi ni bibi yako. Niamkie."

Alijaribu kucheka. Nanyori alingoja, mkono kiunoni.

"Shikamoo," alisema Elihuruma.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu, akashuka ngazi kwenda kutafuta wapagazi.