Ukweli kuhusu mzee aliyefungua sanduku la bati langoni mwa chuo kikuu

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, wakubwa kwa wadogo.

Mimi si mwandishi wa hapa. Husoma, hufunga simu, kisha huenda shambani.

Lakini wiki hii mmesambaza picha ya mzee aliyepiga magoti kwenye lango la chuo kikuu, mbele ya sanduku la bati lililo wazi, na mmeitolea maelezo mengi. Mzee huyo ni mimi. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilistaafu kutoka masjala ya ofisi moja ya serikali mjini Kitui, na siwezi kuona kumbukumbu mbovu nikanyamaza.

Nianze na makosa mepesi. Hapakuwa Nairobi. Ni chuo cha huku huku Ukambani, nacho sitakitaja. Aidha, ndani ya sanduku hamkuwa na kuku. Aliyeandika habari za kuku tafadhali azifute.

Kosa zito ni hili. Mwanachama mmoja ameandika kwamba binti aliona aibu, akamkana babu yake na kuingia chuoni peke yake. Wengi wenu mkaweka vikaragosi vya kucheka. Hilo ni neno kubwa kulisema juu ya mtoto wa watu.

Sasa nirudi mwanzo.

Mjukuu wangu nitamwita Mwende, ingawa silo jina lake. Jina lake halisi ni la mama yangu mzazi, ndiyo maana nyumbani humwita mwaitu, yaani mama. Yeye huniita umau, yaani babu. Baba yake, mwanangu, ni dereva wa lori na huwa barabarani zaidi ya nyumbani. Mtoto amelelewa na sisi wawili, mimi na susu yake, yaani bibi yake, hapa Matinyani.

Alipomaliza darasa la nane aliitwa shule nzuri ya bweni kule Nunguni. Hakwenda. Susu yake aliugua mwaka huo na nyumba ilihitaji mikono, akasoma shule ya kutwa ya hapa kijijini. Hakulalamika. Baba yake na wanangu wengine niliwapeleka bweni mmoja mmoja, kila mtu na sanduku lake. Yeye peke yake sikuwahi kumnunulia sanduku.

Kwa hiyo alipoitwa chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, mnaelewa kilichokuwa moyoni mwangu.

Wa kumuuliza maandalizi hakuwepo. Nilimwendea mchungaji wetu, naye alisoma chuo cha Biblia zamani. Akaniambia, "Mzee, la muhimu ni maombi na blanketi nzito." Nilimshukuru.

Barua ya chuo ilitaja vyeti, picha na malazi. Haikutaja ndoo, wala fyekeo la kukatia nyasi, wala sanduku, vitu ambavyo kila shule ya bweni hudai. Nilichukulia kwamba aliyeiandika alisahau. Nimefanya kazi ofisini, najua barua huandikwa vipi.

Nikanunua sanduku mjini Kitui, la bati nene, na fundi akaliandika jina kwa rangi nyeupe.

Mwende alilitazama. Kisha akasema taratibu, "Umau, wenzangu wananunua suitcase."

Nikamjibu, "Suitcase ni ya mtu anayesafiri. Wewe unaenda kukaa."

Susu yake akacheka jikoni. "Mwache, mwaitu. Huyu hata akienda mbinguni atabeba kufuli."

Mwende naye akacheka, lakini sikujua alichokuwa anawaza. Neno lile la suitcase lilibaki nami njia nzima.

Siku yenyewe jirani alitupeleka na pickup yake. Nilivaa suti niliyoagwa nayo kazini.

Waliowahi kupeleka mtoto bweni watanielewa. Kule, ukifika langoni, hupiti. Unaweka sanduku chini, unafungua kufuli, mwalimu wa zamu anakagua kitu kimoja kimoja huku wewe umesimama wima. Akisema sawa, mtoto ni wao. Ndivyo mtoto anavyokabidhiwa. Sijawahi kuona utaratibu mwingine.

Basi nikaweka sanduku kwenye nyasi kando ya lango, nikapiga magoti, nikafungua. Nikapanga juu sabuni, taulo, shuka na blanketi, vionekane vizuri. Fyekeo nikaliegemeza pembeni.

Vijana waliokuwa wakipita na mabegi ya magurudumu wakasimama.

"Buda amekuja kufungua duka," mmoja akasema.

"Na hiyo slasher? Anakuja kufyeka campus?"

Wakacheka. Simu zikatolewa. Picha mnayoiona ilipigwa hapo.

Niliinua macho kumtafuta Mwende. Hakuwepo.

Nitakuwa mkweli kwenu. Nilifikiri yaleyale mliyoyafikiria. Nilifikiri, huyu mtoto atakaa hapa miaka yake yote akiitwa mjukuu wa mzee wa sanduku, na jambo hilo nimemfanyia mimi. Nikanyoosha mkono kuchukua kufuli nifunge lile sanduku.

Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Salaam aleikum, mzee. Hapa ndipo wanakagua?"

Alikuwa Msomali mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Mwingi, mtu mrefu mwenye kofia, pamoja na binti yake aliyejifunga mtandio. Nilimjibu salamu na kumwambia kwamba nilidhani hivyo.

"Haya." Akalaza begi la binti yake karibu na sanduku langu na kuvuta zipu.

"Aabo, wacha basi. Watu wanaangalia," binti akamwambia baba yake.

"Waangalie. Kwani tumeiba?"

Nyuma yake mama mmoja naye akashusha mzigo wake. Hakuuliza kitu. Aliona wazazi wako chini, naye akachuchumaa.

Hapo ndipo Mwende alipotokea kwenye kibanda cha askari wa lango, akitembea haraka, na askari mwenyewe nyuma yake. Wakuu, hakuwa amenikana. Alikuwa amekwenda kumtafuta mkaguzi.

Askari alikuwa mtu wa makamo, wa Kathonzweni, kama nilivyokuja kujua. Alinitazama, akatazama suti, akatazama fyekeo.

"Mzee wangu, hapa hatukagui. Hii ni university. Ingieni tu."

Kabla sijajibu, Mwende alipiga magoti kando yangu kwenye nyasi, na nguo zake mpya.

"Afande, nimekuomba kule na nakuomba tena. Kagua. Umau amepanga hivi vitu wiki nzima. Hakuna kitu kimekosekana."

Wale vijana walikuwa bado wamesimama pale. Mwende hakugeuka kuwatazama.

Askari akaweka rungu lake chini, akachuchumaa, akaanza. Sabuni, sawa. Taulo, sawa. Blanketi, akaisifu. Alipofika kwenye mto akaubonyeza, akaubonyeza tena.

"Na huu mto unalia hivi?"

Mimi mwenyewe sikujua. Mwende akainamisha uso. "Ni susu, afande. Aliambiwa bweni wananyang'anya chakula."

Askari akafungua kidogo, akaona mahindi yaliyokobolewa. "Muthokoi! Mwambie susu hapa mnajipikia wenyewe, asifiche tena. Na akituma mwingine apitishe kwangu."

Tulicheka wote, hata mtu wa Mwingi, ambaye hakujua muthokoi ni nini mpaka nilipomweleza. Kisha askari akasimama, akanipa mkono na kusema, "Mzee, kila kitu kiko sawa. Tumempokea."

Akamgeukia yule bwana wa mbuzi. "Na wewe, tuone."

Hiyo ndiyo habari kamili. Fyekeo nilirudi nalo. Sanduku lilibebwa na mabinti wawili, mjukuu wangu na yule wa Mwingi, kila mmoja na kishikio chake, na hadi leo wanakaa chumba kimoja.

Funzo langu ni fupi. Ukipeleka wa kwanza, utakosea mahali fulani, kwa kuwa hakuna aliyekutangulia wa kukuambia. Nenda hivyo hivyo. Nenda umevaa vizuri. Na ninyi mnaopiga picha, ngojeni kidogo kabla ya kuandika maelezo, maana asiyeonekana kwenye picha huenda yuko njiani kurudi.

Mwende alikuja likizo juzi. Nilimwonyesha uzi wenu nikiwa nimekasirika, nikamwambia nitaomba picha ifutwe. Akanionyesha simu yake. Picha ni ileile, ameiweka mbele, anaiona kila akiiwasha.

Kwa hiyo picha ibaki. Maelezo ndiyo yarekebishwe.

Aliyekuwepo langoni siku ile na ana kumbukumbu tofauti na yangu, aiweke hapa chini nami nitaijibu. Na aliyepelekwa chuo na mzee wake kwa namna yoyote ile, atusimulie. Nitasoma yote.