Kiti Kilichowekwa Darini

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao hata kulala hakuutoi. Kazi yangu katika misheni ilikuwa kutembelea watoto wenye ulemavu majumbani: kurekebisha kiti, kumwonyesha mzazi namna ya kunyoosha misuli, kuomba pamoja, kuondoka. Wiki hii Balangdalalu, wiki ijayo Mbulu. Kule Tlawi pikipiki ikifika mahali inashindwa, na kilima kilichobaki unakimaliza kwa miguu.

Tlawi ndiko alikoishi binti wa miaka tisa na bibi yake. Miguu ya binti haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Alitambaa, ndala mbili akiwa amezivaa mikononi. Tulikuwa tumempa kitimwendo, kiti cha magurudumu, kanisani baada ya ibada, na mwalimu mkuu alikubali kumpokea darasa la kwanza akifika nacho Jumatatu shule ikifunguliwa. Bibi alikuwa hawezi tena kumbeba. Jumatatu hiyo ikimpita, angesubiri mwaka mwingine, na alishasubiri miwili.

Nilifika Ijumaa. Nilimkuta binti uani, kwenye tope la mvua ya jana, anafukuza kuku. Akavua ndala ya mkono wa kulia ili anisalimie vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kiti kiko wapi?"

Akatazama juu. Kule darini, familia za huku zinapohifadhi mahindi na mbegu, kiti kilikuwa kimekunjwa na kufungwa kwa shuka. Bibi akanieleza bila wasiwasi wowote: kinashushwa Jumapili kwa msaada wa jirani, kinakwenda kanisani, kinarudi, kinafutwa, kinapanda.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta kimeuzwa, au kinabebeshwa madumu ya maji. Hili la darini sikuwa nimejiandaa nalo. Nikavuta kigoda, nikaanza kueleza taratibu, kama ninavyoeleza kila mahali: mgongo wa mtoto unavyopinda akitambaa, magoti yanavyoota sugu, kwa nini anahitaji kukaa wima kila siku. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ni wewe uliyesimama pale mbele ukasema hiki ni zawadi ya Mungu, tukitunze. Nimekitunza. Nguo ya kanisani unalimia?"

Ni kweli nilisema hivyo. Ninasema hivyo kila tunapokabidhi. Nikakumbuka nyumba nyingine nilizokuta viti vinang'aa, nikawasifu wenyewe, nikaandika kwenye daftari kwamba wanatunza vizuri.

"Nilieleza vibaya, bibi," nikamwambia. "Mbegu nayo unaiweka darini. Mvua ikinyesha huishushi?"

"Naishusha. Lakini mbegu haipati pancha."

Mtoto akacheka. Mimi pia, ingawa mgongo uliniuma.

Basi tukakishusha. Nikatoa tairi moja lililoishiwa upepo, nikamfundisha binti mwenyewe kutafuta tundu ndani ya beseni la maji, kukwaruza mpira, kupaka gundi, kubana kiraka. Alirudia mpaka nikaacha kusaidia. Nikamweleza bibi kwamba kifaa kikivunjika kwa kutumika, misheni itatengeneza, na hakuna atakayemgombeza. Alitaka nilirudie hilo. Nikalirudia. Kisha binti akajisukuma hadi zizini, magurudumu yakazama kwenye samadi, na bibi akatoka na kitambaa mkononi. Alipofika katikati ya ua akasimama, akakunja tena kitambaa.

Jumatatu nilitakiwa kuwa Hanang. Nilikwenda shuleni kwanza. Watoto walishaimba, walishaingia madarasani, na mwalimu mkuu aliangalia njia mara mbili. Nami sikuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Walitokea wakiwa wamechelewa, bibi akisukuma huku analalamikia mawe, magurudumu yakiwa tope tupu hadi katikati. Mlangoni bibi akainama, akatoa kitambaa kile kile, akaanza kufuta.

"Bibi, acha," binti akasema. "Na kesho tunakuja."

Bibi alimaliza gurudumu moja. La pili akaliacha, akamsukuma ndani.

Nilikaa kidogo kwenye ngazi ya darasa, nikasikia jina lake likiitwa na yeye akiitika. Halafu nikafungua daftari nitafute zile nyumba nilizozisifu kwa viti kung'aa, nikamwambia dereva wa pikipiki aliyekuwa akinisubiri kwamba leo tuna safari ndefu.