Chumvi, Magadi na Jua

Baba yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Segese, na haamini jiwe lolote ambalo halijasagwa karashani na kuoshwa kwenye karai. Nilipokuja likizo nikamwambia nataka kusomea nyota chuoni, wala si madini kama alivyopanga yeye, alicheka mpaka akakohoa.

"Jua limeundwa na nini, unajuaje? Umelisaga lini?"

Bila ridhaa yake nisingekwenda popote. Lakini ubishi nimeurithi kwake. Nikachukua boksi la viatu, nikalitoboa mwanya mwembamba kati ya nyembe mbili, ndani nikabandika kipande cha sidii kinachotawanya mwanga kuwa rangi. Nikamweleza kwamba kila elementi ikiungua hutoa mistari ya rangi yake, na haiazimani na mwenzake.

"Tutaona," akasema.

Wachimbaji wana namna yao ya kumpima mpimaji wa madini. Wanavunja jiwe moja vipande viwili, wanampelekea kama mawe ya watu wawili. Majibu yakipishana, huyo ni tapeli. Basi baba akajifungia jikoni na jiko la gesi, akaziba dirisha kwa kanga ya mama, akaniachia mimi niliye nje upenyo wa kuonea moto tu.

Akanyunyiza kitu cha kwanza motoni. Kijani.

"Shaba!" nikapaza sauti.

"Mrututu wa nyanya kwenye jiko langu!" mama akafoka akichungulia begani kwangu, nami nikajua nimepatia, maana dawa hiyo ina shaba. Cha pili kikatoa mstari wa njano. Cha tatu, njano palepale.

"Hivyo viwili ni kitu kimoja, baba."

Akatoka anashangilia kama vile timu yake imefunga. "Umekwisha! Kimoja chumvi, kingine magadi!"

Nilidhani nimeshindwa. Kisha nikaelewa, nikaanza kucheka mimi.

"Boksi halioni chumvi wala magadi. Linaona sodiamu, nayo imo kwenye vyote viwili."

Baba akajikuna kidevu. "Kama dhahabu ya hapa na ya Geita," akasema taratibu. "Mawe mbalimbali, dhahabu ileile." Ningemkumbatia. "Haya, na jua?"

Kulitazama jua lenyewe kungemuunguza macho, kwa hiyo nikalielekeza boksi kwenye wingu jeupe. Akachungulia.

"Rangi zote zipo. Ila kwenye njano pana kamstari keusi."

"Ndipo ilipowaka chumvi. Sodiamu iliyo kwenye jua imeumeza mwanga huo."

Mama alituita tukale, baba hakusogea. Alitazama wingu lile mpaka likasambaratika, ndipo akashusha boksi.

"Nenda kasome nyota zako," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Wabeja, mwanangu."

Wabeja ni asante ya Kisukuma. Nyumbani kwetu ni neno tunalompa baba sisi watoto. Hakuwahi kunipa mimi. Nililia palepale uani, naye akanicheka.