Vidoa vya Fundi Cherehani

Mume wangu hakufa kwa ugonjwa wa aibu. Wanaosema hivyo mtaani hawakumuuguza, hawakumfulia shuka, wala hawakuisoma karatasi ya daktari. Niliyeisoma ni mimi, na nimefundisha sayansi miaka ishirini na saba.

Alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alijifunga kwenye mkono wa kushoto kile kijimto kidogo cha kuchomekea pini. Vidoa vyekundu vilipomtokea mkononi humo, vidogo kama ncha ya kalamu, alicheka. "Mama watoto, pini zimenichoka." Nami, na elimu yangu yote, nikacheka. Wiki tano tulizilaumu pini. Vilipofika miguuni, ambako hakuna pini, ndipo tulipokwenda hospitali.

Daktari alikandamiza gilasi juu ya vidoa. Wekundu wa kawaida, alisema, hufifia ukibanwa. Huu haukufifia, kwa sababu damu ilikuwa imevuja chini ya ngozi. Akaandika: purpura. Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimepungua mno. Siku ya tisa damu ikavujia kwenye ubongo.

Siku ya mazishi karatasi ilikuwa mezani. Wifi yangu, dada wa marehemu, tumbo moja, akalichungulia lile neno. Hakuniuliza. Alikwenda kumuuliza muuza sumu ya panya! Naye, bingwa wa tiba, akamwambia ni jina la hospitali la ugonjwa wa wanaume wasiotulia. Wifi akalibeba nyumba kwa nyumba.

Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao. Binti yangu, aliyerithi cherehani ya baba yake, akabaki na kazi moja tu: sare za kwaya ya shangazi yake. Juzi shangazi mtu akaingia kuzichukua nazo, mkono kauvisha mfuko wa plastiki.

"Wifi, usinichukie. Wanakwaya wanaogopa kuambukizwa."

"Nani kawatisha?"

"Si unajua, watu wanasema..."

"Watu ni wewe! Keti hapo."

Akaketi. Nikamwambia kwamba purpura ni neno la Kilatini, nao Walatini walilitoa kwa Wagiriki. Lilikuwa jina la konokono wa baharini, na la rangi ya zambarau waliyoikamua kwake ili kutia kwenye nguo za wakubwa. Matabibu wakaliazima kwa sababu ya rangi ya vidoa. Basi. Hakuna mwanamke wa nje ndani ya neno hilo, na vidoa vile havikumwambukiza mtu. Mimi nililala naye kitanda kimoja mpaka mwisho.

"Sikujua, wifi."

"Hukujua, lakini ulisema. Na uliyemsema ni ndugu yako."

Akaangalia sakafu. Binti yangu akainuka na futi yake shingoni.

"Shangazi, vua huo mfuko nikupime. Au unaogopa futi nayo ina purpura?"

Mfuko ukavuliwa. Mkono ukanyooshwa, ukapimwa kuanzia begani, mlango ukiwa wazi na wapita njia wakitazama. Nilitaka watazame. Vitambaa vilibaki mezani, na leo mkasi unafanya kazi.

Kama wifi aliniomba radhi au hakuniomba, ni mambo ya nyumbani kwetu. Sisemi zaidi, na msinitumie mtu kuuliza.