Mafungu Manne ya Vyungu

Pale Ikombe, chungu kilichotoka motoni hakikupakiwa mtumbwini kabla Anyosisye hajakigonga kwa kidole na kukisikiliza. Kikimpendeza, alikipitisha, kikimkera, alikivunja papo hapo, na vigae vikamwagwa njiani kuzuia tope. Sikio hilo lilimpa jina, na jina hilo alilipenda kuliko kitenge kipya.

Vilivyovunjwa zaidi vilikuwa vya Lusungu, mke wa mwanawe, aliyeolewa kutoka Lupingu. Biashara ya nje ilipofunguliwa na sufuria kufurika masokoni, Lusungu alisema vyungu vyake vikikataliwa tena ataacha udongo, akauze mitumba mpakani. Anyosisye aliumia, maana alimpenda, lakini angefanyaje? Kibovu ni kibovu.

Sikio halilali na njaa. Habari zilimfikia Hanifa, mfanyabiashara wa vyungu wa Mbugani, mwanamke asiyeishiwa maswali, naye siku ya kuchoma akawapo.

“Mama, ulivyovipitisha vikipasuka, wateja wananirudishia,” alisema. “Ulivyovikataa, nani amewahi kuvipikia?”

Anyosisye akacheka. “Nani apikie chungu kibovu, mwanangu?”

“Sasa umejuaje kuwa ni kibovu?”

Swali lile lilimwasha kama upupu, na mwenyewe akataka kujua. Akavigonga vyote, alivyovikataa akavitia alama ya mkaa, asivunje hata kimoja. Kisha vyote vikatiwa maji, vikainjikwa.

Jioni wakavipanga mchangani mafungu manne: alivyovisifu vikavumilia, alivyovisifu vikavuja, alivyovikataa vikavuja kweli, na alivyovikataa vikachemsha maji bila kutoa hata jasho.

Fungu la kwanza na la tatu aliyatazama kwa raha. La pili lilikuwa dogo, akaguna tu. La nne lilimkalisha chini. Lilikuwa kubwa, na karibu vyote vilikuwa vya Lusungu: vyembamba, kama wafinyangavyo kwao Lupingu, mlio wake juu kidogo. Sikio lililozoea vyungu vinene lilisikia ugeni, likauita ubovu.

“Ndaga, mama,” Lusungu alishukuru, akiokota kimoja. Akakigeuzageuza. “Na vile vya miaka yote?”

Anyosisye alishikwa na aibu. Kutoka pale hadi ziwani njia ilikuwa nyekundu kwa vigae, na siku zote alikuwa akiisifu kwa ukavu wake. Siku ile, akienda kuteka maji, alipita pembeni, kwenye tope.