Barua ya Mwisho Haikupata Alama

Nilitumwa Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, kwa sababu Mama aliteguka mguu shambani, na ripoti yake ya kozi ya walimu ilitakiwa Jumatatu. Katika kozi hiyo walimu wa mbali huandikiana kwa kompyuta. Mama alipewa barua zao azipange na kuzitia alama: Swali, Jibu au Ushuhuda. Kisha mwalimu mwingine, Mwalimu Moraa wa Nyanchwa, azipange peke yake, ionekane kama wanakubaliana. Mimi ndiye niliyemwandikia Mama alama zake, kwa hiyo nilizijua zote.

"Mwalimu Moraa asijue nimeweka nini," alinionya. "Akijua, kazi ni bure, nitarudia kozi."

Ijumaa asubuhi niliondoka Ekerenyo na lori la majani chai lililokuwa likienda kutengenezwa Kisii. Dereva aliahidi kunichukua jioni. Nilimshukuru, na sikumwambia neno lingine njia nzima.

Saa sita nilifika kwa Mhindi mwenye kompyuta mjini, nichukue nakala safi ya barua, isiyo na alama za Mama. Stima ilikuwa imepotea. Ilirudi saa tisa na nusu.

"Hawa walimu wenu wanaongea kuliko redio!" alisema akinipa kurasa.

Saa kumi na nusu nilikuwa Nyanchwa, nahema. Mwalimu Moraa ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, kalamu inawekwa chini. Alianza kuandika mbio. Mimi nilitazama dirisha tu. Jua lilishagusa migomba alipofika barua ya mwisho. Mwalimu fulani alikuwa ameandika: "Nina mtoto haongei darasani. Hata mimi nilikuwa hivyo. Sijui nimfanyeje."

"Hii ni swali ama ushuhuda?" Kalamu ikasimama. "Kwamboka, mamako ameweka nini?"

Nikageukia tena dirisha.

"Sema haraka, jua linaingia! Ama ulimi ulibaki Ekerenyo?"

Sikuwa nimewahi kumkatalia mwalimu.

"Siwezi kusema, mwalimu."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki, mwalimu."

Alinitazama sana. Kisha akafunika kalamu, akanirudishia karatasi bila alama ya barua ile. Huko chini barabarani lori lilikuwa linapiga honi.

Njiani kurudi niliona nimemharibia Mama kila kitu. Nilifika nikamkuta amelala.

Jumamosi asubuhi alilinganisha. Walitofautiana mara mbili tu. Halafu akafika mwisho.

"Hii mbona iko wazi?"

Nikamweleza, nikangoja kelele.

"Ulimwambia hutaki? Wewe?" Akacheka mpaka akashika mguu. "Haya, andika kwenye ripoti: hii moja mwenzangu hakuimaliza. Waione hivyo hivyo."

Nimezoea kunyamaza mpaka watu waache kuniuliza. Mwalimu Moraa hangeacha. Ilibidi nifungue mdomo ndipo siri ya Mama ibaki.